Picha za abti na Garissa ambayo Google haina

Hebu toa simu, andika "Garissa" kwenye Google, kisha bonyeza sehemu ya picha. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na kila mara naishia kukasirika. Wanajeshi. Majeneza. Moshi. Akina mama wanaolia. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri nilio nao leo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mjini humo na asubuhi ile sitaisahau. Sisemi picha hizo zifutwe. Nasema mji wenye mto Tana, wenye soko la mifugo ambalo ng'ombe wake huishia kwenye bucha za Nairobi, wenye vijana wanaopiga mpira vumbini hadi adhana ya magharibi, hauwezi kuwa siku moja tu.

Garissa nyingine iko chini ya kitanda cha abti yangu, ndani ya sanduku la bati.

Abti ni mjomba, ndugu wa mama. Alianza kama taniboi wa lori mapema miaka ya 80, baadaye akawa dereva, na njia yake ilikuwa moja: Garissa, Modogashe, Habaswein, Wajir, Elwak, Mandera. Kurudi, hivyo hivyo. Alikuwa na kamera ya Yashica aliyonunua kuukuu Eastleigh. Filamu moja ilitoa picha 36 na ilibidi imtoshe safari nzima, wakati mwingine safari mbili. Aliifunga kwa kitambaa chenye maji na kuificha chini ya kiti, kwa sababu joto la huko huiva filamu kabla hujaipiga. Kisha angoje mpaka lori liende Nairobi ndipo picha zioshwe. Miezi inapita kabla hajajua kama alimkata mtu kichwa.

Sasa linganisha na mimi. Mwaka juzi nilipokonywa simu jioni moja nikishuka matatu. Ilikuwa na picha zaidi ya 4,000. Maze, nililia siku mbili, na leo nikiulizwa nitaje picha kumi tu kati ya hizo sitafika tano. Abti akishika picha yoyote ya sandukuni anakuambia upepo ulikuwa unatoka wapi.

Kuna ile ya lori lililozama matopeni karibu na Modogashe, mvua za El Niño za 1997. Magurudumu hayaonekani kabisa. Watu kama ishirini wamekaa juu ya magunia ya sukari wakitabasamu kama wako harusini. Abti anasema walikaa pale siku kumi na moja, wakanywa chai mpaka majani yakaisha, na mchuuzi mmoja wa mbuzi akawachinjia mbuzi wawili bila kuchukua hata senti. Nyingine ni ya Wajir, kuta nyeupe zinazoumiza macho, ngamia wakinyweshwa kisimani. Wajir ndiko Waingereza walikofungua klabu ya mashua katikati ya jangwa, mamia ya kilomita kutoka baharini. Abti akiikumbuka hiyo hucheka mpaka akohoe.

Picha nyingi zimegeuka rangi, zimekuwa nyekundu-nyekundu. Mbili zina mwali wa rangi ya chungwa pembeni kwa sababu taniboi mwenzake alifungua kamera kabla filamu haijarudishwa. Na hapa ndipo ninapotaka kuwagusa wenzangu kidogo. Tunatafuta filta za kuipa selfi ya jana rangi hiyo hiyo! Kuna wasee Nairobi wananunua kamera za filamu kwa pesa ndefu ili wapige kikombe cha kahawa Westlands. Sina shida nao, pesa ni zao. Shida yangu ni kwamba msee huyo huyo hajawahi kufungua albamu ya nyanya yake.

Na zingatia pia ambacho hakimo sandukuni. Hamna picha ya daraja la Tana hata moja, ingawa abti amelivuka pengine mara elfu. Enzi hizo eneo zima lilikuwa chini ya kanuni za hali ya hatari zilizobaki tangu vita vya shifta, na hazikufutwa mpaka 1991. Kuonekana na kamera karibu na kizuizi cha askari ilikuwa kujitafutia matatizo. Hamna pia picha yoyote ya Februari 1984, pale wanaume walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya Wajir. Serikali kwa miaka ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema walikaribia 1,000, na manusura wanataja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Abti alipita Wajir wiki chache baadaye. Nilimuuliza kama alipiga picha. Akasema kamera ilibaki chini ya kiti mpaka Mandera, kisha akaniomba nimpitishie birika.

Kama unadhani hizi ni hadithi za wazee tu, ngoja nikueleze kilichonipata nikiwa na miaka 18. Kijana wa Nakuru akiomba kitambulisho anapeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Mimi niliketishwa mbele ya kamati ya kupigwa msasa: babu yako alizaliwa wapi, alichunga wapi, nani anakujua? Ayeeyo, nyanya yangu, alikuja na karatasi zote alizonazo, ikiwemo ile kadi ya pinki waliyopewa Wasomali wa Kenya katika usajili wa 1989. Halafu akatoa picha. Babu yuko mbele ya duka mjini Garissa, amevaa macawiis na koti, na nyuma kuna muhuri wa studio: 1974. Afisa mmoja aliishika ile picha kuliko alivyoshika karatasi zangu. Kitambulisho kilichukua miezi saba na siwezi kuapa kwamba picha ndiyo iliyokileta. Ninachojua ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha babu cha kuweka mezani.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi amri ya kukomesha msasa huo wa ziada. Poa. Lakini familia ngapi zilisimama mbele ya kamati bila hata picha moja, kwa sababu sanduku lilizama na mafuriko, au liliachwa nyuma wakihama?

Kwa hivyo mwaka huu, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, nimejipa kozi yangu. Kila Ijumaa baada ya swala nakaa na abti na picha kumi, hazizidi. Naweka simu irekodi, yeye anazungumza. Majina naandika nyuma kwa penseli, kwa sababu biki huvuja na kupenya upande wa mbele. Negativu naziweka juu ya tableti iliyowashwa skrini nyeupe, napiga kwa simu, kisha nageuza rangi kwa programu ya bure. Si kazi ya maabara lakini sura zinaonekana. Abti ana kisukari na macho yameanza kumwacha. Picha za kundi siku hizi anazisogeza mpaka puani. Kati ya nyuso 212 nilizohesabu, tumepata majina 131. Haya mengine kama si yeye sijui tutamuuliza nani.

Tatizo lilikuja nilipotaka kuzipandisha mtandaoni. Habaryar, dada yake mama, akasema hapana. Katika picha za miaka ya 80 yeye na wenzake wamevaa guntiino, bega moja liko wazi, shaash kichwani, wamemwegemea lori wakicheka. Leo anavaa jilbab na ana wajukuu madrasa. Nilijaribu kumwambia ni historia. Akaniambia historia ni yake na bega ni lake. Nilinuna wiki nzima, lakini nikifikiria vizuri, ana haki. Wapiga picha wametoka mbali kuja kuipiga kaskazini wakati wa ukame na njaa, wakaondoka na sura za watu ambao hawakuulizwa chochote. Mimi nikizipandisha bila ruhusa kwa sababu ni za familia, nimewashinda nini? Kwa hivyo za lori, za visima na za wanaume waliokubali, zitapanda, kila moja na jina la mahali na la mtu. Labda Google italazimika kuzila. Za habaryar zitabaki kwenye flashi, na flashi atakaa nayo yeye.

Ijumaa iliyopita tulikwama kwenye picha moja ya Habaswein. Kijana mrefu, shati limefunguliwa vifungo vitatu, ameshika chupa ya chai kama kombe. Abti aliisogeza, akaiweka mbali, akaigeuza. Akataja majina manne, yote akayakataa mwenyewe. Nikaanza kuandika "hajulikani".

Habaryar akaja na sinia la chai, akachungulia mara moja tu.

"Huyo ni Bishar. Alikuja kuniposa mara mbili."

Abti akamtazama dada yake, kisha akaitazama picha. "Mara mbili?"

"Hiyo pia usiipandishe," akaniambia, akarudi jikoni.