Staa Unayesifia Kudisko, Mlipie Basi Dogo Nauli ya Kurudi Chuo

Leo sina stori ya nani kaachana na nani, hizo tutazirudia kesho. Leo nina hasira zangu.

Kuna staa wetu mmoja, jina simtaji, mkikumbuka cheni shingoni mtajua wenyewe. Mwaka jana alijirekodi akiwa ndani ya gari, anasema yeye alidisko mwaka wa kwanza na hiyo ndiyo siku njia zake zilipofunguka. Akawaambia vijana wenye sapu waachane nazo, waje mjini kutafuta hela. Wiki hii mashabiki wake wameirudisha tena ile klipu, laiki zinamiminika. Mimi nimeiangalia nikiwa nyumbani Mngeta, nimekaa juu ya magunia ya mpunga maana hapo ndipo mtandao unashika vizuri, na nikakumbuka mara ya kwanza kuiona. Ilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu.

Mimi niliishia form four, msije kunisema huko chini kwamba najifanya msomi. Dogo ndiye kichwa cha nyumba. Alivyopata chuo, mzee aliuza mpunga hata ule wa akiba, Bodi ya Mikopo ikaongezea kwenye ada na ile elfu kumi ya kula na kulala kwa siku. Dogo akaondoka na begi la mama na godoro jipya. Mtaa mzima tulimsindikiza stendi kama anaenda Marekani.

Agosti karudi. Anasema kafaulu, yuko likizo. Lakini haongei. Anabeba magunia na vibarua, akimaliza anakaa nyuma ya nyumba peke yake na simu. Siku moja akaniazima simu yangu aangalie kitu, bando lake limeisha, akasahau kutoka kwenye akaunti yake ya chuo. Nikaona. Masomo matatu chini ya 40, na sapu ni Septemba, zimebaki siku kumi na tisa.

Nilipomuuliza alinionyesha hiyo klipu. Akaniambia kaka, mbona hata huyu alidisko.

Sasa wewe staa nikuulize kistaarabu. Ulipodisko ulirudi kwa nani? Nani alikulisha ule mwaka ambao hakuna aliyekujua? Studio ya kwanza ulilipiwa na nani? Hayo kwenye klipu hayapo. Na kama ulikuwa mnufaika wa Bodi, deni halikufutwa kwa sababu umedisko. Mkopo ni mkopo, umemaliza au hujamaliza. Aliyemaliza akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara, analia lakini ana mshahara. Aliyekusikiliza wewe anabaki na deni bila cheti. Kwa kila mmoja aliyetoboa kama wewe wapo wangapi wanauza vocha na hawana klipu? Hao hatuwasikii kwa sababu hakuna anayempa maiki mtu aliyedisko akabaki amedisko.

Na nyie wa komenti hamko salama. Mtu akisema ana sapu mnamwita kilaza, mnamchekea "disko vumbi". Halafu mnashangaa kwa nini watoto wanadanganya nyumbani. Dogo hakuwa na shida ya akili kipindi kile, alikuwa na aibu. Sapu ina tarehe yake na tarehe haisubiri aibu iishe. Usipotokea kwenye chumba cha mtihani bila sababu wanayoikubali, ile sapu uliyokuwa na uwezo wa kuifanya ndiyo inageuka kuwa disko.

Nilimwambia anieleze alifelije. Stori yake ni ya wengi. Sekondari mwalimu anakufuata na fimbo, ukitoroka unatafutwa. Chuo mko mamia ukumbini, mhadhiri hajui jina lako, ukilala hosteli umelala wewe. Dogo kazoea kwamba mtihani wa mwisho ndiyo kila kitu, unapiga msuli wiki mbili unatoka. Kumbe pale kwao testi na asaimenti zilikuwa na alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Anafika kwenye mtihani wa mwisho ana 11 mfukoni. Hapo hata uwe kipanga wa kata nzima unapanda mlima. Bumu nalo likiingia kwa mkupuo, mtoto wa mkulima hajawahi kushika hela ile, kiatu kwanza, desa baadaye.

Kingine kilichomkatisha tamaa ni kuamini mwaka wa kwanza ukiharibika digrii nzima imeharibika. Tukakaa juu ya magunia na kikokotoo cha simu. Vyuo vyetu GPA inaishia 5. Sapu ukifaulu, vyuo vingi vinakuandikia C hata kama umepata 80, na C ni pointi 2. Sawa, inauma. Tukasema mwaka wa kwanza umalize na 2.1. Kozi miaka mitatu, tuchukulie kila mwaka una uzito sawa. Mwaka wa pili na wa tatu ukipata 3.8, unamaliza na 3.2. Hiyo ni daraja la pili la chini, linaanzia 2.7, na mwajiri hataona popote palipoandikwa ulilia nyuma ya nyumba Mngeta. Ukitaka daraja la pili la juu, 3.5, unahitaji 4.2 miaka yote miwili. Ngumu, ndiyo, ila ni namba, siyo laana. Dogo alirudia hiyo hesabu mwenyewe mara tatu, ndiyo nikamwona anakaa vizuri.

Ikabaki mzee. Hapo nilitetemeka zaidi ya dogo, maana yule akikasirika hata kuku wanahama. Tukamwambia usiku baada ya kula. Alinyamaza muda mrefu. Mama akaanza kulia. Halafu mzee akauliza swali moja tu: "Mtihani tarehe ngapi?" Asubuhi gunia mbili zikaenda mashineni kukobolewa, zikawa nauli na hela ya kula ya wiki tatu. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamficha.

Dogo alifanya zote tatu. Mbili akapita. Moja ilimgomea, chuo chake kinaruhusu kulibeba somo mwaka unaofuata, kwa hiyo sasa yuko mwaka wa pili na somo moja la mwaka wa kwanza mgongoni, anakaa darasani na madogo wapya wanaomwita bro. Sisemi ametoboa. Mwezi uliopita alinitumia picha ya testi ya lile somo, 14 kwa 20, bila maneno yoyote. Nikaiweka kwenye stetasi, mzee akaniambia niiprinti.

Na hata aliyedisko kabisa, siyo kwamba cheti chake cha form six kimechomwa moto. Wapo wanaoomba upya kozi nyingine, wapo wanaoshuka diploma wakapanda tena. Ni njia ndefu na deni la Bodi linakufuata, lakini ni njia. Hiyo haipigiwi muziki kwenye klipu.

Sasa staa, mashabiki wako wakinitukana huko chini nitawaacha. Nauli ya dogo tulishalipa kwa mpunga. Ila kuna wengine wako majumbani sasa hivi, wamesema wamefaulu, simu wamezigeuza kifudifudi. Kama ni wewe, weka komenti hapo chini. Jina usiandike, chuo usiandike. Andika tarehe ya sapu yako tu.