Niambie Kebo Yako Inabeba Nini

Wasee, leo niko na hasira, na hasira yenyewe ina urefu wa mita moja. Ni kebo. Nyeupe, imesukwa vizuri, kichwa kimoja USB ya kawaida, kingine Taipu-C. Nilinunua Busia mjini kwa mia mbili na hamsini. Inachaji vizuri sana. Kazi niliyoinunulia, haifanyi.

Jumamosi hiyo tulikuwa tumemzika mzee mmoja hapa Port Victoria, fundi wa mashua. Familia iliniita nichukue video. Kijana wake mkubwa yuko Doha, kazini walikataa kumpa ruhusa ya kuja. Kabla misa ianze, mjane alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hakikisha anamwona baba yake akishushwa. Asije kuniuliza maswali." Hiyo si kazi ya mtu kufanya mchezo.

Simu yangu kamera yake ni ya kusoma namba za tokeni za stima, kwa hivyo niliomba ya binamu yangu. Simu mpya, kali. Shida ni moja: binamu alikuwa anavuka Malaba Jumatatu alfajiri kuelekea Kampala, na simu yake. Maana yake Jumapili usiku video zote, karibu GB 28, ziwe zimeshahamia kwenye laptopu yangu.

Laptopu yangu ni ya 2013. Nimeitoa kampasi, na ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kampasi. Ina matundu matatu ya USB ya kawaida, moja la HDMI, moja la VGA. Taipu-C haina. Nikasema si neno, nitanunua kebo. Jumapili asubuhi nikapanda matatu mpaka Busia, nikanunua, nikarudi. Nikachomeka. Simu ikaandika inachaji. Laptopu ikanyamaza kama haijaona mtu. Nikajaribu matundu yote matatu. Nikazima, nikawasha. Nikapekua mipangilio ya simu mpaka binamu akaanza kuniangalia vibaya.

Nikapigia duka simu, namba ilikuwa kwenye risiti. Jamaa akanijibu bila hata kushtuka: "Boss, hiyo ni ya kuchaji tu. Ungeuliza."

Ungeuliza.

Wacha niwaeleze kile ambacho ningeuliza. USB ya kawaida, ile tunayoijua tangu utotoni, ina nyaya nne ndani. Mbili ni za umeme, mbili ni za data. Basi. Ukitaka kutengeneza kebo ya bei rahisi, unatoa zile mbili za data. Shaba inapungua, gharama inapungua, na kwa nje hakuna macho ya binadamu yanayoweza kuona tofauti. Kichwa ni kile kile, rangi ni ile ile. Mtu ameuza nusu ya kebo kwa bei ya kebo, halafu kosa ni langu kwa sababu sikuuliza. Ukiuziwa kilo ya omena halafu nyumbani ukute ni nusu, utaambiwa ungeuliza?

Nilipoandika hii story kwa status, najua mlichojibu. Nusu yenu mlisema: tupa hiyo laptopu, buda, dunia imehamia Taipu-C. Hapo ndipo tunakosana, na wacha tukosane vizuri.

USB ilitoka 1996. USB 2.0 ikaja 2000, USB 3.0 ikaja 2008, ile ambayo mara nyingi tundu lake lina plastiki ya buluu ndani. Taipu-C ikatangazwa 2014. Miaka hiyo yote, walioichora walishikilia kitu kimoja: cha zamani kisikataliwe na kipya. Tundu la buluu lina pini tisa, lakini zile nne za kwanza bado zinakaa pale pale. Taipu-C ina pini 24, na ndani yake nyaya za data za mtindo wa zamani zimetengewa nafasi. Ndiyo maana flashi uliyotumia kidato cha kwanza, ukiiwekea adapta ndogo, inafunguka kwenye laptopu iliyotoka dukani jana. Itakwenda polepole, lakini itakwenda. Kwa hivyo anayekuambia kitu chako cha zamani kimekufa, wahandisi wenyewe hawakumtuma. Anakuuzia kitu.

Na hapa watu wa huku hatupaswi kudanganywa kirahisi, kwa sababu mambo ya kuunganisha cha zamani na kipya tumeyaishi. Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka wetu: baiskeli za kuvusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hiyo ilikuwa adapta. Reli nayo? Ile ya zamani inayopita Malaba kwenda Tororo ina upana wa milimita 1,000. SGR ina 1,435. SGR ilipofika upande wa Naivasha mwaka 2019 ikakomea huko, kwa hivyo kontena la Uganda linashushwa kutoka kwa treni moja na kupandishwa nyingine. Hakuna aliyesema Malaba watupe reli yao kwa sababu imezeeka. Lakini pia hakuna aliyewaficha wafanyabiashara kwamba mzigo utabadilisha treni njiani.

Mimi naishi mahali panaitwa Port. Sijawahi kuona meli ya kontena hapa. Tuna mashua, tuna samaki, tuna abiria wa visiwani. Kwa hivyo jina la bandari haliniambii mzigo gani unapita, na sioni kwa nini umbo la tundu liniambie.

Maana huo ndio uongo mkubwa wa Taipu-C. Tundu ni moja, ndani ni dunia tano tofauti. Kuna linalochaji tu. Kuna linalopitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ile ile ya USB 2.0 ya mwaka 2000. Kuna la gigabiti 5, kuna la 10, kuna la 40. Kuna linalotoa picha kwenda kwa TV na kuna lisilotoa. Yote yanafanana kama mapacha. Na usidhani ni shida ya simu za maskini pekee: iPhone 15 ya kawaida, iliyotoka Septemba 2023 kwa kelele nyingi kwamba hatimaye Apple wameweka Taipu-C, kwa kebo inakwenda megabiti 480. Tundu la 2023, kasi ya 2000.

Majina nayo wameyavuruga. USB 3.0 ikageuzwa ikaitwa USB 3.1 Gen 1, halafu tena USB 3.2 Gen 1. Kitu ni kile kile, gigabiti 5, kimebatizwa mara tatu. Muuzaji wa Busia atajuaje? Kwa hiyo hapo namwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Sasa sikilizeni ya tochi, kwa sababu hii inagusa watu wengi kuliko video zangu. Jirani yangu anavua omena usiku. Alinunua tochi ya kuvaa kichwani, ya kuchaji, ina tundu la Taipu-C. Binti yake akamletea chaja mpya kutoka Nairobi, ile ambayo kebo yake ni Taipu-C pande zote mbili. Tochi ikakataa kuchaji. Jamaa akaamua tochi imeharibika, akaiweka juu ya kabati, akarudi ziwani na tochi ya betri za kununua kila wiki.

Tochi haikuwa imeharibika. Iko hivi: chaja ya Taipu-C haitoi umeme ovyo. Kwanza inapapasa kuona kama upande wa pili kuna kifaa. Kifaa kinajitambulisha kwa rezista mbili ndogo za kiloomu 5.1, vitu vya bei ya senti kadhaa. Mtengenezaji wa tochi alibania senti hizo akaziacha nje. Chaja inauliza kuna mtu? Kimya. Inakaa. Lakini ukichukua chaja ya kitambo yenye tundu la USB la kawaida, hilo linatoa volti tano bila kuuliza mtu, na tochi inawaka. Nilimpelekea chaja iliyokuja na simu yangu ya zamani. Ikachaji. Aliniangalia kama nimefanya uchawi, na akanipa samaki, ambao sikukataa.

Umeona hapo? Ule usasa mliniambia nikimbilie ndio ulikuwa umemzimia mzee taa, na chaja "ya kale" ndiyo ilimwashia. Angekuwa ametupa zote za kale, angekuwa ametupa na tochi nzima.

Mfano mwingine wa haraka. Walimu wanajua vita vya projekta. Projekta ina VGA, ule mtindo wa pini 15 ulioletwa na IBM mwaka 1987. Laptopu mpya ya mwalimu ina HDMI peke yake. Anatumwa mtu dukani alete "kiunganishi cha HDMI na VGA". Analeta kile cha kutoa VGA kwenda HDMI, wakati wanahitaji kinyume chake. VGA ni mawimbi ya analogi, HDMI ni dijitali, kwa hivyo katikati lazima kuwe na chipu ya kutafsiri, na tafsiri hiyo kwa kawaida inakwenda upande mmoja tu. Ukikigeuza, hakuna picha. Hakuna aliyewaambia. Projekta nzima inarudishwa stoo na kufunikwa gunia.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini kwamba Ulaya wamemaliza hii shida. Ni kweli wamefanya kitu. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya inayouzwa Umoja wa Ulaya lazima ichajiwe kwa Taipu-C, na laptopu zinafuata 28 Aprili 2026. Simu hizo tunaziona na huku, kwa hivyo tunafaidika bila kutoa jasho. Lakini someni sheria ile hadi mwisho. Haikusema tu tundu liwe moja. Ilisema pia kifaa kiwe na lebo inayoonyesha kinahitaji umeme kiasi gani. Kwetu tundu limefika, lebo sijaiona ikifika.

Na msifikiri tunahitaji kusubiri Brussels. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa kikamilifu. Haki ya kupata, si zawadi kwa aliyekumbuka kuuliza. Mama anayeuza omena sokoni Port Victoria hajui Gen 1 ni mnyama gani, na hana sababu ya kujua. Anataka simu ichaji na picha za wajukuu ziingie kwa kompyuta ya saiba. Anayejua, au anayepaswa kujua, ni yule aliyeagiza katoni nzima akaziweka kwa kaunta.

Sidai makubwa. Nataka kebo iandikwe: inachaji tu, au inapitisha data, na kwa kasi gani. Nataka adapta iwe na mshale unaoonyesha picha inaingilia wapi na kutokea wapi. Hata kwa kalamu ya wino mweusi juu ya selotepu, sitalalamika. Na muuzaji awe na flashi moja na kompyuta moja kuukuu pale dukani ya kujaribia, vile muuzaji wa balbu anavyokuwashia balbu kabla hujalipa. Hilo la balbu limefanyika miaka yote bila sheria wala semina.

Kuhusu video: nilijaribu kuirusha kwa wifi kutoka simu hadi laptopu, ikakatika mara tatu katikati. Kupandisha GB 28 mtandaoni kwa bando zangu, tusiongee. Kilichoniokoa saa tatu usiku ni dada wa kibanda cha M-Pesa, aliyekuwa na kidude kidogo cha shilingi mia, upande mmoja Taipu-C, upande wa pili tundu la USB la kawaida. Nikachomeka flashi yangu ya kampasi, GB 16, imepasuka ganda, nimeifunga na mpira. Simu mpya ya binamu ikaitambua papo hapo. Nikahamisha kwa awamu mbili, flashi ikiwa moto kama chapati, na saa sita kasoro nikamrudishia binamu simu yake.

Kijana wa Doha amemwona baba yake.

Kesho naenda Busia na ile kebo mfukoni na laptopu yangu ya 2013 kwapani. Nitaiweka juu ya kaunta, niiwashe, nisubiri dakika nne zake za kuamka, na kebo yoyote nitakayopewa badala ya hii itachomekwa hapo hapo mbele ya wateja wengine kabla niondoke. Aliye na kebo ya "ungeuliza" nyumbani anitafute asubuhi stendi, twende pamoja.