Usimfiche daktari mizizi unayotafuna

Ukishuka kwenye matatu Kawangware jioni, au ukikatiza Soko la Toi kuelekea Kibera, hutakosa kumwona muuzaji wa mukombero. Mzizi huo, unaojulikana sana magharibi mwa Kenya, hutafunwa na wengi wakiamini kwamba huongeza nguvu na kupunguza mawazo. Kando yake hukosi mwarobaini, ulioitwa hivyo kwa imani kwamba hutibu maradhi 40, pamoja na chupa zisizo na jina wala tarehe.

Mimi ni daktari, lakini siwadharau wanunuzi. Anayetoka Kibera alfajiri kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, akafanya kibarua kutwa, kisha akarudi akiwaza kodi ya nyumba, ana haki ya kutafuta nguvu. Isitoshe, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba za kiasili.

Hofu yangu ni kwamba uchovu usiokwisha ni dalili. Huenda ni upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu au msongo uliogeuka ugonjwa.

Mwanamume mmoja alinijia amekonda, akikohoa, baada ya miezi minne ya mizizi na chupa. Alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao kwa kawaida hupona kwa miezi sita ya dawa zinazotolewa bure katika vituo vya umma. Muda huo wote alilala chumba kimoja na mkewe na watoto. Mbona alichelewa? Alisema daktari wa kwanza alimkemea kwa kutumia mizizi, akaondoka bila kupimwa.

Lawama hiyo ni yetu madaktari. Mgonjwa akikemewa, hujifunza kuficha. Na kuficha ni hatari: mwarobaini waweza kushusha sukari, na anayemeza vidonge vya kisukari akazirai. Baadhi ya dawa za "nguvu" zinazouzwa kama mitishamba zimewahi kupatikana zimetiwa dawa za hospitali kisiri, na hizo zaweza kumuua mwenye ugonjwa wa moyo.

Basi uchovu ukipita majuma mawili, au ukikohoa, ukikonda au ukitokwa jasho usiku, nenda ukapimwe. Beba na ile chupa, uiweke mezani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi madaktari tuulize kwa upole, tusikilize jibu, ndipo tuandike dawa.