Kamera ya Baba na Picha za Nyumba



Mume akimaliza jioni nzima akipangusa kamera ya mwaka 1960, mke hushangaa. Simu iko mfukoni na inapiga picha mia bila filamu. Chuma hiki cha nini? Mwezi huu tulizungumze jambo hili, maana limeingia katika baadhi ya nyumba zetu, nalo linagusa fedha, amani na kumbukumbu za watoto.

Kwanza tujue anachokipenda. Ukichungulia katika kamera hizi unamwona mtu, na kivuli chake kimesimama kando. Unazungusha lenzi polepole hata viwili hivyo viungane kuwa kimoja. Hapo umbali umepimwa na picha itatoka safi. Leica ya Ujerumani iliwekewa kipimo hicho mwaka 1932, na ile ya M3 ikatoka mwaka 1954. Muungano wa Kisovieti ulitengeneza FED na Zorki kwa kuiga Leica, na Wajapani wakaleta Yashica Electro 35 mwaka 1966. Filamu ya kawaida ina picha 36 tu, hivyo mpigaji hujifunza kusubiri na kumtazama mtu vizuri. Baba anayemtazama mtoto wake namna hiyo hapotezi muda.

Hata hivyo, lenzi moja ya Leica yaweza kuuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Kwetu Mtwara fedha za korosho huja kwa msimu, na ada, bati na dawa huzisubiri zote kwa pamoja. Basi mazungumzo yafanyike kabla ya malipo kufika, si baada ya kamera kupita mlangoni. Mume asifiche bei, na mke asimdhihaki mbele ya watoto. Pangeni kiasi, na kikiisha, yatosha. Zorki iliyotunzwa hupiga picha nzuri kwa bei ndogo kuliko Leica.

Pili, tuijue hewa ya pwani yetu. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mikoko ya mdomo wa Ruvuma, unyevu na chumvi haviachi kitu. Ukungu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na ukishakula kioo hakirudi kama kilivyokuwa. Kwa hiyo:

1. Usiifungie kamera katika kifuko cha ngozi wala chini ya nguo sandukuni. Ngozi hushika unyevu.

2. Iweke katika chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Vipakiti hivyo visifikiwe na watoto.

3. Usiache lenzi ikitazama jua bila kifuniko. Nyingi za kamera hizi zina pazia la kitambaa ndani, na jua hupita katika lenzi likalitoboa.

4. Kabla ya kupiga, kumbusha kifuniko kitolewe! Tundu la kuchungulia halipitii kwenye lenzi, hivyo mpigaji huona kila kitu sawa, kumbe filamu nzima ya kipaimara inatoka bila picha hata moja.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni picha zenyewe. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi walivuka Ruvuma kuja upande wetu. Aliyekimbia na mtoto mgongoni na furushi kichwani hakuwa na nafasi ya kubeba picha ya mama yake. Hata leo wapo wajukuu wasioijua sura ya bibi aliyebaki ng'ambo. Na bibi zetu wenye chale za Kimakonde usoni wanazidi kupungua.

Tunasoma katika Yoshua sura ya 4 jinsi Waisraeli walivyochukua mawe 12 katika mto Yordani, ili watoto wakiuliza maana yake wazazi wawasimulie Mungu alivyowavusha. Picha yenye jina ni jiwe la namna hiyo. Isiyo na jina, baada ya miaka 30 ni sura ya mgeni.

Basi tumpe kazi mpenzi wetu wa kamera. Ampige bibi akiwa barazani na mwanga wa asubuhi. Picha isafishwe kwenye karatasi, na nyuma yake tuandike kwa penseli, bila kukandamiza: jina, kijiji, mwaka. Negativu ziwekwe katika bahasha za karatasi, mahali pakavu. Kisha watoto wakae, bibi asimulie alivyovuka.

Kamera ikifanya kazi hiyo, tutaacha kuuliza ni ya nini. Tumwombe Bwana atupe nyumba zenye kusikilizana, na atukumbushe wale waliotuvusha.