Mfupa Hausomi Herufi

Wanafunzi wa osteopathia Marekani wakiongoza chama cha wanaotamani upasuaji wa mifupa, tunawapigia makofi: eti wamejitahidi! Mimi makofi hayo siyataki. Yanaficha swali: kwa nini wajitafutie mlango wenyewe?

Tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya M.D. na D.O. yako chini ya ithibati moja. Bado wengi wa D.O. hufanya mitihani ya aina mbili, COMLEX na USMLE, ili wapimwe kwa mizani ya wenzao. Na jina lenyewe, osteopathia, linaanza na neno la Kigiriki la mfupa!

Wasomaji wenzangu, sisi tunajua uzito wa jina. Lakini jamani, mfupa uliovunjika hausomi herufi. Anayechagua madaktari wa kufundishwa asome kazi yao kwanza.