"Mtandao Unasumbua": Kauli Isiyotambua Hitilafu

Aghalabu mfanyakazi anayefanyia kazi nyumbani mjini Voi, simu ya video inapomkatikia mbele ya mwajiri aliye ng'ambo, husema: "Mtandao unasumbua." Kauli hii haimsaidii. Neno mtandao limetwikwa mizigo mitatu: mawimbi baina ya ruta na kompyuta, njia itokayo nyumbani hadi kwa mtoa huduma, na huduma ya mkutano yenyewe. Lawama humwendea mtoa huduma, ilhali pengine hitilafu imo sebuleni.

Na aunganishe kompyuta kwa waya. Simu ikitulia, kosa ni la mawimbi ya nyumbani: masafa ya gigahezi 5 hudhoofishwa na kuta za mawe, yale ya 2.4 hupenya zaidi lakini husongamana. Isipotulia, apime kasi ya kupakia. Hapa lugha humtega tena, kwani ni irabu moja tu inayotenganisha kupakia na kupakua. Matangazo ya vifurushi hupenda kutaja kupakua, ilhali sura na sauti yake humfikia mwajiri kwa kupakia. Kule Wundanyi, ambako mlima waweza kuukinga mnara, kusogeza modemu dirishani huenda kukafaa kuliko kununua kifurushi kikubwa.

Wataalamu wa istilahi wamehangaikia mno majina ya vifaa (kipakatalishi, kikokotoo, kinyonyi), wakasahau vitenzi vya hitilafu. Picha kukwama, sauti kukatakata na simu kukatika kabisa ni dalili tofauti, na mtu anayepoteza kibarua kwa sababu yazo anahitaji kuzitaja moja moja kwa mhudumu.