Mcheke mnyoo, mimi simo

Leo nina hasira kidogo, nivumilieni.

Jana jioni kantini nilikuwa nawaelezea washikaji kuhusu wanasayansi wanaogandisha minyoo wadogo ili wawaangalie kwa hadubini ya elektroni. Meza nzima kicheko! Mmoja akadakia, "Watu wana hela za kuchezea. Mnyoo wa milimita moja atamsaidia nani?" Pale sikumjibu vizuri, namjibu hapa.

Kwanza, kwa nini wagandishwe? Chukua nyanya, weka kwenye friza, kesho itoe iyeyuke. Inalegea yote, maji yanachuruzika. Barafu imepasua seli. Ukimgandisha mnyoo kizembe hivyo, utakachokiona ni uharibifu ulioufanya mwenyewe, halafu unaita utafiti! Ndiyo maana mnyoo anayeitwa C. elegans hubanwa kwa shinikizo la angahewa kama 2,000, karibu mara mbili ya lile la sakafu ya bahari yenye kina kuliko zote, na kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika ndani ya milisekunde chache. Barafu haiwahi kujijenga. Baadaye hukatwa vipande vyembamba mno: ukipanga 1,000 ndiyo unafikia unene wa unywele. Kinachoonekana kinakaribia sana alivyokuwa akiwa hai.

Pili, faida. Mwaka 1986 John White na wenzake, wakitumia sampuli zilizohifadhiwa kwa kemikali, walichapisha ramani ya neva zote 302 za mnyoo huyu. Mwaka 2021 ikatoka kazi ya minyoo wanane, tangu kuanguliwa hadi utu uzima. Jeni zao zilezile, lakini miunganisho ya neva haikufanana yote! Sasa wewe unayesema kila kitu ni damu ya ukoo, hapo vipi?

Na yule wa "atamsaidia nani", kwao wanafuga mbuzi. Levamisole wanayonyweshwa wale mbuzi hupoozesha minyoo kwa kushika pale neva inapokutana na msuli. Mengi tunayojua kuhusu pale mahali yametoka kwa C. elegans huyuhuyu. Kwa hiyo mbuzi wa baba yako ameshasaidiwa, kaka. Umebaki wewe.

Jamani, "itatusaidia nini" ni swali zuri ukilisubiria jibu. Sisi tunauliza huku tumeshaanza kucheka.

Mwezi ujao tunachagua miradi. Mimi naandika minyoo. Anayecheka acheke, ila hela yangu ya chai ya jana anirudishie kwanza.